Mashua ya Dizeli Hula Hata Siku Isiyofanya Kazi

(Hotuba ya mwanachama mmoja, fundi wa injini za reli, mbele ya mkutano wa wanachama uliofanyika Giakanja, Nyeri.)

 

Nimeombwa niseme habari ya shauri lililo mbele yetu, yaani kwamba fedha zetu za akiba zitumike kununua mashua ya dizeli katika Ziwa Victoria, ipakie mizigo kati ya Kisumu na visiwa, nasi tugawane faida. Najua wengi wamelipenda shauri hili. Bei ya kahawa hupanda na kushuka, mashamba yamegawanywa hata hayagawanyiki tena, na mtu akistaafu hapa Giakanja hutafuta kitu cha kumlisha. Sina ugomvi na hamu hiyo. Nimekuja kusema jambo moja: bei ya mashua si ile unayompa mwuzaji. Hiyo ni kiingilio tu. Michango huja baadaye, kila mwezi, na haina siku ya kusamehewa.

Mambo haya sikuyasoma mahali. Nilipokuwa kazini Kisumu, mimi na wenzangu watano tulitoa shilingi 80,000 kila mmoja. Kwa hizo 480,000 tukanunua mashua ya mbao iliyokwisha kutumika, yenye injini ya dizeli ya nguvu za farasi 30. Mweka hazina nilikuwa mimi. Kwa hiyo lawama nitakayoitaja leo ni yangu kwanza.

Tuanze na mafuta. Injini ya nguvu za farasi 30 ikivuta kwa nguvu zake zote hunywa lita 6 hivi kwa saa. Ukiiendesha kwa upole hunywa 4. Tuseme inafanya kazi saa 5 kwa siku, siku 20 kwa mwezi. Hizo ni saa 100 na lita 400. Bei ya dizeli hutangazwa kila mwezi wala hatuulizwi, lakini kwa mfano tuseme lita ni shilingi 170. Mafuta peke yake ni shilingi 68,000 kwa mwezi, kabla hamjamlipa mtu yeyote.

Tena maji si kama reli. Behewa likishaanza kwenda mahali tambarare, linateleza. Mashua husukuma maji tangu inapoondoka hata inapofika. Ukiongeza mwendo kidogo, mafuta huongezeka sana. Ukipunguza mwendo kwa sehemu moja ya kumi, nguvu inayotakiwa hupungua kwa robo hivi. Mwenye mashua anayemfokea nahodha aende mbio anachoma fedha zake mwenyewe.

Ndugu mmoja aliniuliza kwa nini tusichukue injini ya petroli ya kufungwa nyuma, kama walivyo wavuvi wengi. Hiyo ni nyepesi, na bei yake ni ndogo, lakini hunywa zaidi, na mvuke wa petroli hushika moto upesi. Ya dizeli hula kidogo na hudumu sana, kwa sharti moja: itunzwe.

Sasa sikieni habari ya kutunza. Hapa nyumbani tunaijua injini ya dizeli kwenye mashine ya posho. Ikizimwa jioni inapoa, inakaa juu ya saruji, inangojea kesho. Haizami. Mashua haina mapumziko ya namna hiyo. Ikikaa majini, mbao hunywa maji, na rafadha, yaani lile panga linaloisukuma kutoka chini, hushikwa na nyavu na magugu maji. Ikivutwa nchi kavu na kuachwa juani, mbao hukauka na viungo hufunguka. Watu wa Lamu, waliolelewa na vyombo, huvuta majahazi yao pwani, huyakwangua chini, huyatia kalafati, huyapaka mafuta, kisha baada ya miezi hurudia tena. Hawafanyi hivyo kwa urembo. Na huko baharini chumvi hula chuma, na wadudu hutoboa mbao.

Hata meli kubwa zina sheria hiyo hiyo. MV Liemba ya Ziwa Tanganyika iliundwa Ujerumani mwaka 1913. Ilizamishwa 1916 wakati wa vita, ikaopolewa 1924, ikarudi kazini 1927. Miaka ya 1970 ikaondolewa mashine ya mvuke, ikatiwa injini za dizeli. Bodi lile la chuma limeziona injini zikija na kwenda. Na hapa kwetu MV Uhuru, meli ya reli iliyoletwa kutoka Uskoti miaka ya 1960 ili ivushe mabehewa ziwani, ilikaa bila kazi zaidi ya miaka 10, mpaka ilipotengenezwa na kurudi kazini mwaka 2019. Basi ikiwa chombo cha serikali, chenye karakana na chelezo pale pale Kisumu, kinaweza kusimama kwa miaka mingi hivyo, chetu sisi watu wa Giakanja kitasimama mara ngapi?

Nirudi kwa mashua yetu. Injini yake ilipozwa kwa maji ya ziwa. Chini palikuwa na tundu, pampu ikavuta maji, ikayapitisha kwenye injini, ikayatoa nje. Ndani ya pampu hiyo mna gurudumu dogo la mpira. Likikosa maji huungua kwa dakika chache. Nahodha wetu, mzee wa Mbita, alinipigia simu mara mbili. Alisema mpira umechoka na chujio la maji limetoboka, na spea zote mbili hazizidi shilingi 3,500. Nikamwambia angoje mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ulipofika, nikagawa fedha.

Mwezi uliofuata waliingia kwenye magugu maji karibu na jioni. Tundu likaziba, mpira ukaungua, na kichwa cha injini kikapasuka. Walikuwa watu 7 ndani ya mashua, na majaketi ya kuokoa maisha yalikuwa 4. Upepo ulikuwa umeanza. Wavuvi waliwaona, wakawavuta hadi ufuoni, wasitake malipo ila mafuta waliyotumia. Hakufa mtu. Lakini usiku ule sikulala, kwa maana nilijua bei ya maisha yao katika daftari langu ilikuwa shilingi 3,500.

Kuitengeneza injini kulitaka shilingi 140,000. Ilikuwa Januari, mwezi wa karo, na hakuna aliyekuwa nazo. Mashua ikakaa juani. Mwishowe tuliiuza kwa 90,000, kila mtu akapata 15,000. Kwa miezi 11 ya kazi kila mmoja wetu alikuwa amegawiwa jumla ya 38,000. Tulitoa 80,000, tukarudishiwa 53,000.

Baadaye niliketi na daftari, nikafanya hesabu niliyopaswa kuifanya mwanzo. Injini ile ilikwenda saa 1,100 hivi. Kama ningalitenga shilingi 200 kwa kila saa, kwa ajili ya oili, filta, spea, kalafati na siku ya kuifungua injini yote, ningalikuwa na 220,000. Na sisi tuligawana 228,000. Faida yetu ya kweli ilikuwa shilingi 8,000, kwa watu sita, kwa miezi 11! Ndugu zangu, zile nyingine hazikuwa faida. Tulikuwa tukiikata injini vipande vipande na kugawana.

Na hata hizo 8,000 zilikuwa na mwenyewe. Mabaharia wetu wawili tuliwalipa kwa safari. Mashua ikisimama, hawakupata kitu. Ilipoharibika tuliwaambia waende nyumbani, basi. Hakukuwa na barua wala likizo wala bima. Sisi! Sisi tunaokutana hapa kulalamika juu ya kibarua asiye na haki, siku tulipokuwa mabwana wa mashua tulimfanya mwenzetu kibarua. Mambo hayo hayakuandikwa katika daftari langu, lakini ni gharama pia, na kuna mtu aliyeilipa.

Sikuja kuvunja shauri. Mashua yaweza kuleta chakula, wapo watu wanaoishi kwayo. Lakini naomba mkutano huu usipige kura ya kununua mpaka tukubali mambo manne.

Kwanza, kama mashua ni 500,000, tusinunue mpaka tuwe na 700,000 mkononi. Anayemaliza fedha zote sokoni amenunua nusu ya mashua.

Pili, kila saa ya injini iandikwe, na fedha za saa hizo ziwekwe katika akaunti ya peke yake kabla ya kugawa senti moja. Ikiwa baada ya hapo hakuna cha kugawa, tusigawe.

Tatu, nahodha na baharia walipwe mshahara wa mwezi, wawe na bima, na wawe na ruhusa ya kuizuia mashua isitoke wakiona ina hitilafu. Majaketi yawe sawa na idadi ya watu, na mashua ikaguliwe na ofisi ya serikali inayosimamia vyombo vya majini.

Nne, asiingie mtu kwa fedha za karo wala za dawa.

Sisi tuliosoma shule za misheni tunakumbuka habari ya mtu aliyeanza kujenga mnara bila kuketi kuhesabu gharama, watu wakamcheka. Mimi nimekwisha kuchekwa. Sipendi kuchekwa mara ya pili, tena pamoja na nyinyi.

Ikiwa hesabu ya mambo haya manne inatupita, basi tuseme hivyo bila aibu, na fedha zetu zikae zilipo mpaka tupate kazi tunayoweza kuiona kwa macho kutoka hapa Giakanja. Ikiwa hesabu inakubali, mimi mwenyewe nitakwenda Kisumu kuikagua injini kabla hatujalipa, na sitataka posho.

Daftari langu la zamani nimelileta. Liko mezani kwa Katibu. Kila mwanachama alitazame kabla ya kupiga kura.

 Umoja ni nguvu.