Kabla ya Kupekua Kikapu cha Bibi



Mhadhara huu umezaliwa na ubishi. Katika kikao kimoja cha kujadili vifo, daktari mwenzangu ninayemheshimu alifunga mjadala kwa sentensi moja: wazee wetu wanadhurika na dawa wodini kwa sababu wanakuja na mitishamba tumboni. Watu wakatikisa vichwa kukubali, tukahamia faili lililofuata. Mimi nikabaki na dukuduku, na leo mmenipa kipaza sauti.

 Nataka kushughulika na hoja ya mwenzangu, maana inatufariji mno.

Nianze na Liverpool. Mwaka 2009 Davies na wenzake walichapisha uchunguzi wa vipindi 3,695 vya wagonjwa waliolazwa mjini humo. Katika asilimia 14.7 ya vipindi hivyo, mgonjwa alidhuriwa na dawa akiwa wodini. Zilizoongoza ni dawa za kukojoza, za maumivu za jamii ya mofini, na za kuzuia damu kuganda. Waliodhurika walikuwa na umri mkubwa kuliko wenzao, kweli. Lakini mambo yote yalipopimwa kwa pamoja, lililobaki likitabiri madhara ni moja tu: wingi wa dawa alizotumia mgonjwa. Kila dawa iliyoongezwa ilizidisha hatari mara 1.14. Umri ukatoka kwenye hesabu. Na wodini nani huongeza dawa? Si mganga wa kienyeji. Huyo hata getini hapiti.

Mwenzangu atasema Liverpool si Mbeya, bibi wa kule hachemshi mwarobaini. Sawa. Lakini figo ni figo. Mchukueni bibi wa miaka 80 mwenye kilo 45, na kijana wa kiume wa miaka 25 mwenye kilo 70. Maabara inarudisha kriatinini ileile, miligramu 1.0 kwa desilita, na karatasi zote mbili zinasomeka “kawaida”. Ipitisheni namba hiyo kwenye kanuni ya Cockcroft na Gault ya mwaka 1976: figo za kijana zinasafisha takriban mililita 112 kwa dakika, za bibi 32. Kriatinini ni taka inayotoka kwenye misuli na kusafishwa na figo, na bibi misuli imekwisha. Ndiyo maana karatasi inamficha. Tunampa dozi ya kijana, kisha tunapekua kikapu chake kutafuta mitishamba.

Upekuzi huo naujua kwa sababu niliufanya. Nikiwa daktari wa mafunzo kwa vitendo, bibi mmoja aliyelazwa kwa nimonia alianza kuweweseka usiku. Kwenye kikapu chake chini ya kitanda nikakuta chupa ya mwarobaini. Nikamgombeza binti yake, nikaandika kwenye faili: dawa za kienyeji. Muuguzi wa zamu, mama mtu mzima, hakunijibu kitu. Alimchoma bibi kidole. Sukari ilikuwa 1.9. Tulikuwa tunampa dawa yake ya kushusha sukari, glibenklamidi, kila asubuhi, na uji ulikuwa siku ya tatu unarudi jikoni haujaguswa. Mwarobaini nao huweza kushusha sukari, silikatai, ila chupa ile ilikuwa haijafunguliwa. Bibi alipowekewa glukosi akaamka, akauliza nani amegusa kikapu chake.

Sasa, kwa kuwa dawa za bibi zimetajwa, niruhusuni nikisifie kitabu ninachokipenda kuliko vyote vya fani yetu, alichokichapisha William Withering, daktari wa Birmingham, mwaka 1785. Miaka kumi nyuma aliulizwa maoni kuhusu dawa ya kuvimba mwili iliyokuwa siri ya bibi kizee wa Shropshire. Hakucheka wala hakupekua kikapu. Aliuchunguza mchanganyiko ule wa mimea ishirini au zaidi, akatambua bila taabu kubwa kuwa unaofanya kazi ni mmoja, digitalisi. Kisha akafanya jambo ambalo sisi hatuliwezi: akaandika wagonjwa wake mmoja mmoja, waliopona na waliokufa, akakiri kuwa mwanzoni alitoa dozi kubwa mno na kwa kuzifululiza mno. Akaeleza kutapika, macho kuona vitu vya kijani na manjano, mapigo kushuka hadi 35 kwa dakika, akaagiza dawa isimamishwe dalili ya kwanza inapotokea. Naam, 1785! Dijoksini, dawa ya moyo tunayowaandikia wazee leo, hutoka kwenye mmea wa jamii hiyohiyo. Mtishamba wa bibi umeingia kwenye kabati letu la dawa, ukabadili jina, tukaacha kuushuku.

Nimejitahidi kuwa mwadilifu. Mzee anaweza kubadilika ghafla kwa maambukizi, kwa kiharusi, na kwa mitishamba pia. Aulizwe, kwa heshima, wala si kwa kugombezwa. Pamoja na hayo sibanduki: mtuhumiwa wa kwanza ni chati ya dawa tulizoandika wenyewe. Amlodipini ya presha imevimbisha miguu, tunaongeza furosemidi ya kukojoza. Furosemidi imeleta kizunguzungu, tunaongeza dawa ya kizunguzungu. Bibi anaanguka akienda msalani, na sisi tunaandika “uzee”.

Wanafunzi wangu, fomu ya njano ya kuripoti madhara haikujazwa usiku ule wa chupa ya mwarobaini, na maneno yangu kwenye faili sikuyafuta. Kesho raundi inaanza saa mbili asubuhi. Njooni na chati, na kalamu ya kufutia dawa.