Taa Hafifu za Motokaa

(Maneno ya mfanyakazi wa reli mbele ya wanachama, Kericho)



Gari la moshi hushikwa na reli. Motokaa hushikwa na macho ya dreva tu. Huku kwetu kwenye chai kuna mvua, ukungu na kona nyingi. Oktoba 2018 basi lilipinduka Fort Ternan kabla ya alfajiri, wakafa watu zaidi ya 50. Sisemi taa ndizo zilizoleta msiba ule, lakini usiku hausamehe kosa. Mimi mwenyewe nilipanda lori lenye taa hafifu, tukamwona mchumaji mmoja barabarani zikibaki hatua chache tu. Mungu alimwokoa.

Taa zikififia, wengi hukimbilia kununua globu kubwa. Ngojeni kwanza. Futeni vioo. Kisha safisheni vichwa vya betri na ule waya uliofungwa kwenye bodi, maana kutu hula umeme njiani. Volti 12 zikifika kwenye taa zimebaki 10.8, mwanga hupungua karibu theluthi moja. Globu kubwa juu ya waya mwembamba huunguza waya na swichi; afadhali waya mnene na rilei. Mwisho, elekezeni taa chini kidogo zisipofushe wenzenu. Katika ukungu tumieni dimu, kwa sababu fulu humrudia dreva machoni.

Ndugu madreva, mkipewa lori lenye taa mbovu, semeni kabla ya kuondoka. Nasi tunaopakiwa nyuma tusinyamaze. Dreva akisema peke yake huitwa mkaidi. Tukisema sote, taa zitatengenezwa.