TAA YA BAISKELI: KUONA NA KUONEKANA USIKU

(Maneno ya hotuba kwa wapanda baiskeli)



Nchi ya Kenya imepitiwa na ikweta, na kwa sababu hiyo usiku wake hauingii kwa kubisha hodi. Huko Kisumu jua huzama karibu saa ile ile mwaka mzima, kati ya karibu saa 12 na nusu jioni na saa 1, na dakika 20 na kitu zikipita giza limekwisha kutanda. Mtu atokaye kazini saa 12 ana muda mchache wa kufika kwake, na mchukuzi wa maziwa aondokaye saa 11 alfajiri hana nuru hata kidogo. Wote wawili hutumia barabara zile zile zipitazo malori makubwa yaendayo Busia na Malaba. Kwa watu hao taa ya baiskeli si pambo.

Taa hiyo ina kazi mbili, na wanunuzi wengi huzichanganya. Kazi moja ni kumwonyesha mpandaji njia yake. Ya pili ni kuwaonyesha wengine kwamba yupo. Mjini, penye taa za barabarani, kazi hii ya pili ndiyo kubwa, na taa ndogo yatosha. Lakini katika barabara ya changarawe isiyo na mwanga wowote, taa imetayo kama kimulimuli humjulisha mwenye lori kwamba kuna baiskeli, wala haimjulishi mwenye baiskeli kwamba kuna shimo.

Basi mwanga ufike wapi? Swali hilo hujibiwa na breki, si na mwenye duka. Mtu aendaye mwendo wa kilomita 20 kwa saa hupita mita 5 na nusu kila sekunde. Tangu jicho lione jiwe mpaka mkono ukaze breki, sekunde moja hivi imekwisha kupita. Kisha baiskeli yataka mita nyingine 5 kabla ya kusimama, ikiwa breki ni nzuri na njia ni kavu. Jumla yake ni karibu mita 11. Akiteremka mlima kwa kilomita 30 kwa saa, jumla hiyo hufika mita 20. Naye mwenye baiskeli nyeusi ile iitwayo Black Mamba, yenye rimu za chuma, ajua mwenyewe jinsi breki zake zinavyolegea wakati wa mvua, hasa akiwa na gunia la mahindi nyuma yake. Taa imulikayo mita 8 tu humwonyesha mtu shimo ambalo hawezi tena kulikwepa.

Maboksi ya taa za siku hizi huandikwa hesabu ya lumeni. Hiyo ni hesabu ya mwanga wote utokao katika taa, popote uendapo, hata ukiwa unamulika matawi ya miti. Hesabu iitwayo luksi ndiyo ielezayo mwanga uangukao mahali fulani. Nchini Ujerumani, ambako sheria ya taa za baiskeli ni kali, mwanga hupimwa kwa luksi mita 10 mbele ya taa, na sehemu ya juu ya mwanga hukatwa kama ule wa motokaa ili watu wajao mbele wasipofuke. Taa ya lumeni 300 iliyotengenezwa kwa uangalifu yaweza kuishinda ya lumeni 1,000 itawanyayo mwanga ovyo. Na ni heri kutoziamini sana hesabu kubwa zilizoandikwa juu ya taa za bei ndogo. Mnunuzi amwombe mwenye duka afunge mlango, aielekeze taa ukutani, aone kama mwanga umekusanyika au umetapakaa.

Mahali pa kuifunga taa pana maana kuliko wengi wadhanivyo. Watu wengine huvaa tochi kichwani wakiona ni rahisi, tena huelekea kila wanakotazama. Tochi hiyo yafaa sana kwa kutengenezea mnyororo uliokatika, lakini kwa safari ina kasoro: mwanga wake watoka karibu na macho yenyewe, kwa hiyo vivuli hujificha nyuma ya vitu, na shimo huonekana kama ardhi tambarare. Taa iliyofungwa chini ya macho, juu ya usukani au chini yake kidogo, huacha kivuli cheusi ndani ya kila shimo, na kivuli hicho ndicho kimponyeshacho mtu.

Kuielekeza si kazi ngumu. Ikiwa taa ipo sentimita 90 juu ya ardhi, na mwenyewe ataka mwanga uguse njia mita 15 mbele yake, asimamishe baiskeli mita 5 kutoka ukutani, kisha aiinamishe taa mpaka kitovu cha mwanga kiwe sentimita 60 juu ya ardhi. Mwanga ulioinuliwa zaidi ya hapo huwapofusha waendao kwa miguu, nao ndio wengi barabarani saa hizo.

Nguvu ya kuwashia taa imewasumbua wapanda baiskeli tangu zamani. Kulikuwa na taa za mafuta, kisha za gesi ya kabaidi iliyotiwa maji, kisha zikaja za mawe ya tochi na za dainamo. Wazee wengi waikumbuka dainamo isuguayo ubavu wa tairi: volti 6 na wati 3, wati 2.4 kwa globu ya mbele na 0.6 kwa ya nyuma. Haikutaka mawe ya kununua. Lakini baiskeli ikisimama, taa nayo hufa. Wakati wa matope kigurudumu chake huteleza. Na globu moja ikiungua mtelemkoni, umeme wote huiendea ya pili, ikaungua papo hapo. Mafundi wajua tena kwamba dainamo iliyofungwa upande, isiyoelekea katikati ya gurudumu, hula tairi kama panya.

Kampuni ya Sturmey-Archer ya Nottingham, Uingereza, ilianza katika miaka ya 1930 kutengeneza dainamo iliyomo ndani ya kitovu cha gurudumu. Namna hiyo haisugui tairi wala haijali matope. Za siku hizi, zikiunganishwa na taa ya LED, kwa wati zile zile 3 hutoa mwanga mara kadhaa kuliko globu ya kale, na taa nyingine huweka akiba ndogo ya umeme ya kuwaka dakika chache baada ya kusimama, jambo la manufaa kwa mtu angojaye katikati ya njia ili akate kulia. Bei yake ni kubwa, na gurudumu halina budi kusukwa spoki upya. Mlinzi aendaye kilomita 15 kila usiku atairudisha gharama hiyo. Aendaye kilomita 3 hana haja nayo.

Kwa watu wengi taa ya betri, ichajiwayo kwa waya wa simu, ndiyo ifaayo. Hapo mnunuzi aulize saa kabla ya kuuliza mwangaza, kwa maana ule mwanga mkali uliotangazwa juu ya boksi huenda ukadumu saa 1 na nusu tu. Mawe ya zamani yalififia pole pole, yakatoa onyo. Taa nyingi za betri ya lithiamu huwaka vema mpaka dakika za mwisho, kisha huzimika. Kwa hiyo taa yenye alama ya kuonyesha chaji iliyobaki ni bora, hasa kwa mtu achajiye kwa fedha dukani au kwa paneli ya sola. Kwa mvua, alama ya IPX4 yaonyesha kwamba taa yavumilia maji ya kurukia kutoka kila upande.

Wala asizitumie fedha zote mbele. Lori lijalo nyuma mpandaji halioni, na taa nyekundu ndiyo yamsemea huko. Iwake bila kukonyeza katika barabara yenye giza, maana dereva hupata taabu kukadiria umbali wa taa iwakayo na kuzimika. Rifulekta za rangi ya manjano kwenye pedali zasaidia sana, kwa kuwa hupanda na kushuka, na dereva hutambua mara moja kwamba kuna miguu ya mtu. Kasoro iliyo kubwa ni mzigo wenyewe. Taa iliyofungwa chini ya kiti hufunikwa na madumu ya maziwa, au na nguo za abiria wa bodaboda ya baiskeli, kazi iliyoanza mpakani Busia katika miaka ya 1960. Mahali pake ni juu ya madigadi, chini ya keria. Na mwenyewe aifunge mizigo yake yote kama siku ya kazi, arudi nyuma hatua 50 gizani, atazame kama ile nyekundu bado yaonekana.