Mlio wa Tik-Tik Kifuani mwa Dada Yangu

Leo sina mgeni studioni. Nimekuja na sauti moja tu. Naomba unyamaze kidogo uisikie.

(SAUTI: mlio mdogo mkavu unaojirudia, kama saa ya ukutani. Sekunde 10.)

Hiyo si saa. Ni kifua cha dada yangu mkubwa. Nilirekodi usiku huko Busiu, kwenye barabara ya kutoka Mbale kwenda Tororo, mashariki mwa Uganda, ambako ameolewa. Nilisogeza simu karibu na mfupa wa kifua chake, tukafunga dirisha ili vyura wasituingilie. Mlio huo unatoka kwenye valvu, yaani mlango wa moyo, ambao umetengenezwa kiwandani. Kila moyo ukidunda, mlango unajifunga: tik. Wiki za kwanza ulimnyima usingizi. Siku hizi anasema asipousikia ndipo atakapoogopa.

Wengi wenu mnamfahamu dada, kwa hiyo acha niseme wazi kwa nini ninazungumza leo. Hapa kambini kuna maneno yanayotembea kwamba operesheni ya moyo ndiyo iliyompooza mkono. Na kuna mzee mmoja, sitamtaja, aliyeniambia kwa ajili ya maneno hayo kwamba hatakubali mwanawe apasuliwe. Mzee, naomba unisikilize mpaka mwisho.

Tuanzie mbali kidogo. Dada alipokuwa mtoto huko Masisi aliumwa koo. Koo likapona. Wiki chache baadaye magoti yakavimba, kisha viwiko, akawa hatembei. Mama alimkanda kwa maji ya moto na majani, uvimbe ukaisha, tukasahau. Kumbe ilikuwa homa ya rumatiki. Vijidudu vinavyoleta maumivu ya koo vinaamsha kinga ya mwili, na kwa watoto wengine kinga hiyo inakosea njia na kushambulia milango ya moyo. Mlango unakuwa mgumu, au haufungi vizuri, damu inarudi nyuma. Inaweza kuchukua miaka mingi kabla mtu hajajua. Dada alijua akiwa na miaka 24, alipokuwa hawezi kulala bila mito mitatu na miguu imejaa maji. Wengine walisema kifua kikuu, wengine walisema amerogwa. Mwaka 2021 alipasuliwa Kampala.

Sasa, kupona kwenyewe. Ili kuufikia moyo, madaktari wanaukata mfupa wa katikati ya kifua kwa msumeno mdogo, halafu wanaufunga kwa waya. Mfupa huo unahitaji wiki 6 mpaka 12 kushikana. Mtu akikohoa anakumbatia mto kifuani. Akiamka anajigeuza kwanza ubavu, hajivuti kwa mikono. Pikipiki hapana, maana barabara zetu mnazijua. Na kubeba vitu ndipo penye kazi, kwa sababu jerikeni ya lita 20 ni kilo 20, na yeye aliambiwa asizidishe kilo chache tu.

Kwa hiyo nani alichota maji? Mama mkwe wake. Mwanamke wa Kigisu, zaidi ya miaka 60, ambaye wakati huo alikuwa hawezi hata kuongea Kiswahili vizuri na dada. Alichota maji miezi mitatu, akapasua kuni, akamwogesha. Nilipofika Busiu kumwona mgonjwa nilimkuta huyo mama anamchana nywele. Sisi ndugu zake wa damu tulikuwa tunatuma ujumbe kwa simu.

Jambo lingine ambalo hatukuonywa: dada alilia sana. Wiki ya tatu, ya nne, kidonda kinapona vizuri lakini yeye analia bila sababu. Majirani wakasema ni mashetani. Si mashetani. Hali hiyo huwapata wengi baada ya operesheni kubwa ya moyo na mara nyingi inapita. Isipopita, mwambieni daktari.

Baada ya mfupa kupona, inabaki dawa. Damu ikikutana na kitu cha kiwandani inataka kuganda. Bonge la damu likikaa kwenye valvu linaweza kuukwamisha mlango, au linaweza kuchomoka na kupanda kwenye ubongo. Kwa sababu hiyo, mwenye valvu ya chuma anameza wafarini kila siku, maisha yake yote. Kuna valvu nyingine zinazotokana na mnyama, ng'ombe au nguruwe. Hizo kwa kawaida hazihitaji wafarini ya maisha, lakini kwa vijana zinachakaa mapema na mtu anarudi kupasuliwa. Daktari na mgonjwa wanachagua pamoja.

Wafarini si dawa ya kuchezea. Kuna jirani aliyemwambia dada kwamba ni sumu ya panya. Ni kweli, iliwahi kuuzwa kwa kazi hiyo, na tangu miaka ya 1950 wanadamu wanatibiwa nayo. Tofauti ni kiasi. Ndiyo maana kuna kipimo cha damu kinachoitwa INR. Mtu asiyemeza dawa hii ana namba 1 hivi. Dada aliambiwa akae kati ya 2.5 na 3.5. Namba ikishuka, damu inaganda. Ikipanda sana, anatoka damu. Kila mwezi anapanda gari kwenda Mbale mjini kupimwa, na kadi yake haimtoki mkobani.

Sasa nifike kwenye mkono.

Dada alikuja hapa kambini kwa matanga ya mama mkubwa. Kutoka Busiu ni safari ya siku nzima na usiku: Mbale, Jinja ukivuka Nile, Kampala, kisha magharibi. Alibeba vidonge vya siku nne. Matanga yakawa wiki mbili, mnajua matanga yetu. Siku ya tano aliniita pembeni akasema vidonge vimekwisha. Nilipita maduka mawili ya dawa, hawakuwa navyo. Nikarudi nikamwambia, "Dada, mbona unaonekana mzima? Utameza ukirudi." Sikumpeleka zahanati. Sikumpigia daktari wake, na namba ilikuwa imeandikwa kwenye kadi. Mimi huyu, ambaye kila wiki ninawaambia msikatishe dawa.

Siku ya kumi na moja, asubuhi, kikombe cha chai kilimponyoka. Mkono wa kulia ukawa kama si wake, na maneno yakatoka yamepinda. Bonge lilikuwa limefika kwenye ubongo. Tulikimbia naye hospitali. Maneno yalirudi, mguu ulirudi. Lakini kidole gumba na cha shahada havishikani vizuri mpaka leo, na dada alikuwa msusi. Sasa anauza vitunguu na nyanya kando ya barabara.

Operesheni haikumpooza dada. Alipooza kwa siku saba bila dawa, na siku hizo saba ni zangu. Ameniruhusu kuyasema haya. Kwa kweli aliniamuru.

Nyumbani Busiu sasa kuna chupa mbili. Mwanzo wa mwezi mama mkwe anahesabu maharagwe, moja kwa kila kidonge. Jioni dada akimeza, haragwe moja linahama chupa. Yakibaki kumi, mtu anaenda kutafuta dawa, hawasubiri yaishe. Akisafiri anabeba dawa mara mbili ya siku anazotegemea kukaa. Ukisahau kidonge kimoja, usimeze viwili kesho yake ili kufidia. Endelea kama kawaida na umweleze daktari.

Kuhusu chakula, usidanganywe kwamba mboga za majani zimekatazwa. Dodo, sukuma, kisamvu, kula. Ila kula kwa kiasi kinachofanana wiki hadi wiki, kwa sababu zina vitamini K inayopunguza nguvu ya wafarini. Cha hatari zaidi ni duka la dawa. Diklofenaki, ibuprofeni, aspirini, hata dawa za mitishamba, usiguse kabla hujaonyesha kadi. Jino likiuma, mwambie daktari wa meno una valvu kabla hajashika koleo. Ukiona kinyesi cheusi, damu ya pua isiyokata, kichwa kuuma vibaya baada ya kujigonga, pumzi kukata, mkono kulegea au ule mlio kufifia, usingoje kesho.

Dada zangu mlio na valvu na mnataka mtoto, muoneni daktari kabla ya mimba. Wafarini inaweza kumdhuru mtoto, hasa miezi ya mwanzo, na kuiacha kwa siri kunaweza kumuua mama. Dada na mumewe bado wanazungumza jambo hili. Mama mkwe haulizi tena, na hiyo nayo ni heshima.

Kwa wazazi wengine wote: koo la mtoto likiuma pamoja na homa, mpeleke zahanati. Mtoto ambaye ugonjwa umegunduliwa mapema anachomwa sindano ya penisilini kila wiki 4. Utafiti uliofanywa Gulu, kaskazini mwa Uganda, na kutangazwa 2021, ulifuatilia watoto karibu 800 kwa miaka miwili. Waliochomwa sindano, 3 tu kati ya 399 walizidi kuharibika moyo. Wasiochomwa, 33 kati ya 400. Sindano inauma, najua. Mwanao akilia, mshike mkono.

Mzee, nakurudia wewe. Mlango wa moyo wa mwanao umeshaharibika, na sindano peke yake haitaurudisha. Uliniuliza nani atachota maji, na nani atahesabu vidonge. Ni maswali mazuri kuliko yale ya mashetani. Dada yuko tayari kuzungumza nawe kwa simu, na mama mkwe wake pia, Kiswahili chake sasa kinatosha. Njoo studioni Jumatano kabla ya saa kumi. Simu yangu itakuwa na chaji.