Macho ya Ukoo



Mzee wa Buterere aonapo mwimo wa mlango umepinda, na nyuso za wajukuu zimeingia kiwi katikati, huambiwa kuwa huo ni uzee, au ndiyo macho ya ukoo wao, basi avumilie. Maneno hayo ni kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo ipofushayo watu.

Nyuma ya jicho mna utando upokeao nuru, na katikati yake pana sehemu ndogo iitwayo makula, ambayo husoma herufi na kutambua sura. Baada ya umri wa miaka 50 huweza kuanza kuchakaa. Mwaka 2005 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba badiliko katika jeni moja, ambayo kazi yake ni kuizuia kinga ya mwili isiushambulie mwili wenyewe, huzidisha hatari hiyo. Hata hivyo wengi waliorithi badiliko hilo huishi wakiona mpaka mwisho. Avutaye sigara huiongeza hatari mara mbili au zaidi, na sigara hakuna aliyezaliwa nayo mdomoni.

Lengalenga na sombe zina luteini, rangi ikusanyikayo katika makula hasa. Mwili huipokea vyema zaidi mboga zikipikwa kwa mafuta kidogo, mawese yatosha. Walao samaki mara kwa mara wameonekana kupatwa kwa uchache, lakini uchunguzi mkubwa uliotangazwa Marekani mwaka 2013 haukuona faida katika vidonge vya mafuta ya samaki. Asiye na fedha za vidonge asisikitike, ale ndagala wake.

Lakini kwa watu wa asili ya Afrika, ya kuhofiwa zaidi ni presha ya macho. Hii haiponywi kwa mboga. Huanza kula pembezoni mwa uoni, bila maumivu, na mwenyewe hana habari. Mtoto wa jicho hupasuliwa, mtu akaona tena. Kilichochukuliwa na presha hakirudi, ila dawa ya matone huweza kukilinda kilichobaki. Nayo hufuata damu: mwenye mzazi, kaka au dada aliyepatwa nayo, hata akiwa aona vizuri, apimwe macho tangu umri wa miaka 40, wala asiache kumweleza daktari ni nani katika ukoo wake aliyepofuka, na kwa maradhi gani.