Simu ya Mkononi na Mfanya Kazi wa Reli
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi, Kiganjo)



Katibu ameniagiza niseme habari ya simu za mkononi: jinsi zilivyoingia katika miji yetu hii ya chini ya Mlima Kenya, na jinsi tunavyozitumia kila siku. Alinichagua mimi, nadhani, kwa sababu ndiye ninayeitwa na wenzangu kila mara simu inapokataa kufunguka. Mimi si mtu wa elimu kubwa. Nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, kisha nikashika sululu. Lakini simu haikumngoja mtu asome kwanza, iliingia kwa wote.

Tena sisi wa reli hatukuwa wageni wa simu. Zamani nguzo za waya zilisimama kando ya mataruma, na stesheni masta aliweza kumwuliza mwenziwe wa stesheni ya mbele kama njia ni tupu, kabla hajampa dereva ruhusa ya kuondoka. Simu ile ilikuwa ya kazi, nayo ilikaa ukutani pale kazini. Mtu alipomaliza zamu yake akaenda zake, simu ilibaki stesheni. Naomba mliweke neno hilo akilini, maana nitalirudia.

Kwa mtu wa kawaida mambo yalikuwa magumu. Aliyetaka kuongea na ndugu yake Mombasa alikwenda mjini Nyeri au Nanyuki, akapanga mstari mbele ya kibanda cha simu na sarafu zake mkononi. Au alitumia nambari ya duka fulani, na mwenye duka akamtuma mtoto kuita mtu. Simu za mkononi zilikuwako, lakini zilikuwa za wakubwa. Mwaka 1999 wenye simu hizo katika Kenya nzima hawakutimia elfu hamsini. Safaricom ilianzishwa mwaka 1997, na mwaka 2000 ikaja Kencell, ambayo baadaye ilibadili jina ikawa Celtel, kisha Zain, na tangu 2010 ni Airtel. Kampuni mbili zikishindana, mnyonge hupata nafuu kidogo.

Wengine husema simu ilienea kwa sababu watu wetu wanapenda mambo mapya. Mimi sikubali. Ilienea kwa sababu iliuzwa vipande vidogo vidogo. Mtu wa kibarua hawezi kulipa bili ya mwezi, lakini aliweza kununua kadi ya kukwaruza ya bei ndogo. Asiye na salio aliflashi, naye mwenye mali akampigia. Mwaka 2005 ikaja sambaza, mtu akaweza kumgawia mwenziwe salio kama anayegawa chumvi. Mwaka 2009 Serikali iliondoa kodi ya VAT juu ya simu zenyewe, bei ikashuka (ikarudishwa mwaka 2013). Mwezi wa Agosti 2010 Zain iliangusha bei ya kupiga simu mpaka shilingi 3 kwa dakika, na wengine wakafuata. Basi hapo ndipo kila mtu alipopata yake, ile ndogo yenye tochi tuliyoiita mulika mwizi, au kabambe. Sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6, na mwaka 2020 laini za simu zilikuwa zimepita milioni 60. Msishangae, hesabuni laini zilizomo katika mifuko yenu wenyewe hapa.

Sasa nije kwenye pesa, maana hapo ndipo maisha yetu yalipogeuka hasa.

Mnajua M-Pesa ilianza tarehe 6 Machi 1997? Hapana, ndugu, nawapima kama mko macho: ni 2007. Lakini wachache wanajua kwamba ilijaribiwa kwanza mwaka 2005, na mahali pamoja ilipojaribiwa ni Thika, mji ulio juu ya njia yetu hii ya Nanyuki. Walichukua watu karibu 500 waliokuwa na mikopo midogo, ili walipe mikopo yao kwa simu. Lakini watu wale wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao, jambo ambalo halikuwa shabaha ya kwanza. Wenye kampuni wakaona, wakabadili mpango. Kwa hiyo si mabwana wa Uingereza peke yao waliovumbua jambo hili. Watu wa kawaida nao walionyesha walilokuwa wakilihitaji.

Kabla ya hapo mtu wa reli aliyepangwa mbali na kwao alitia noti katika bahasha, akampa dereva wa matatu, akaomba Mungu. Au alipanga mstari posta. Leo mama yake huko Othaya au Kerugoya apata pesa kabla chai haijapoa. Uchunguzi wa Benki Kuu na wenzake ulionyesha kwamba mwaka 2006 Wakenya wazima waliofikiwa na huduma rasmi za fedha walikuwa karibu 27 katika kila 100. Mwaka 2021 walikuwa karibu 84. Simu ndiyo iliyofanya sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Nendeni soko la Karatina mkaone. Mama wa viazi hangoji tena lori lifike ndipo ajue bei. Amekwisha kuuliza Nairobi alfajiri. Kule Meru ndiyo zaidi. Miraa haikai, ikilala siku mbili imeharibika, basi mchumaji huambiwa kwa simu mafungu mangapi yatakiwa kabla hajapanda mti. Na vyama vya akina mama, ambavyo zamani vilikuwa na daftari moja la mweka hazina, sasa kila mmoja ana ujumbe wa malipo katika simu yake. Ugomvi umepungua, sisemi umekwisha.

Hayo ni mazuri, nami nayasifu. Lakini nimetumwa na chama cha wafanya kazi, si na kampuni ya simu, kwa hiyo yafaa niseme na upande wa pili.

Kwanza, ada. Kwa bei za mwaka 2023, ukimtumia mama yako shilingi 1,000 unakatwa 13, naye akizitoa kwa wakala anakatwa 29. Jumla 42. Tena ndani ya ada hizo mna ushuru, ambao Bunge liliupandisha mwaka huo huo kutoka asilimia 12 mpaka 15. Mtu akituma mara nne kwa mwezi, na ahesabu mwenyewe mwisho wa mwaka.

Pili, mikopo. Mwaka 2012 ilikuja M-Shwari, na baada yake vikaja vikampuni vingi vya kukopesha kwa simu. Januari 2019 ikaja Fuliza, ambayo humlipia mtu kilichopungua hata kama hana kitu. Nitafanya hesabu taratibu, maana jambo hili lamgusa kila mtu hapa. Ilipoanza, aliyefuliza shilingi 1,000 alitozwa shilingi 10 kila siku, mbali na ada ya kuichukua. Asipolipa siku thelathini, ni shilingi 300. Mwaka 2022 wakapunguza: siku tatu za kwanza bure, kisha shilingi 6 kila siku. Siku 27 mara 6 ni 162. Ni nafuu kweli, lakini bado ni shilingi 162 juu ya elfu moja kwa mwezi mmoja. Muhindi wa duka la zamani, yule tuliyemlaumu kwa kuandika deni la sukari katika kitabu, hakutoza hivyo!

Ubaya wa Fuliza si bei tu. Mshahara ukiingia katika simu, deni hujikata lenyewe kabla hujanunua unga. Basi unabaki na pengo, unafuliza tena. Tuseme mtu ameanza mwezi na pengo la shilingi 3,000. Mwezi wa pili pengo hilo lipo, na ada juu yake. Mtu huyo anafanya kazi siku nzima juani, kati ya Sagana na Naro Moru, na sehemu ya jasho lake imekwisha kuuzwa mwezi uliopita. Nao wake wamenung'unika, wakidhani mzee amekunywa. Kumbe mzee hakunywa.

Wakopeshaji wengine waliwapigia simu jamaa za mdaiwa, hata wasimamizi wake kazini, kumwaibisha. Mwaka 2020 Benki Kuu iliwazuia wakopeshaji wasio chini yake kupeleka majina ya watu kwenye orodha za wadeni wabaya, na mwaka 2022 zikatoka kanuni zinazowataka wakate leseni. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data alimtoza mkopeshaji mmoja faini ya karibu shilingi milioni 3 kwa kusumbua watu ambao hawakuwa wakidaiwa. Basi mwanachama akiaibishwa namna hiyo asinyamaze. Sheria ya 2019 yamlinda, na Katibu atamwonyesha pa kupeleka mashtaka.

Sasa narudi kwenye ile simu ya ukutani.

Njia hii ya Nanyuki ililala miaka mingi, majani yakaota juu ya reli. Ilipotengenezwa mwaka 2020, kilomita kama 240 kutoka Nairobi, tulirudi kazini na simu za kisasa mifukoni. Na kazi ikahamia ndani ya simu. Zamu inatangazwa katika kundi la Watsapu saa nne usiku. Nyapara ataka picha ya taruma lililooza, basi unapiga picha kwa simu yako, unatuma kwa bando lako, na chaji ni yako. Siku ya mapumziko uko shambani kwa baba mkwe, ujumbe unalia: "Fulani, uko wapi?" Usipojibu, kesho unatazamwa kwa jicho baya. Ndugu zangu, simu ya ukutani ililipiwa na tajiri na haikutufuata nyumbani. Hii yatufuata mpaka kitandani, nasi ndio tunaolipa!

Sisemi mtu asiitwe kamwe. Mvua kubwa za Aprili zikibomoa tuta usiku, lazima watu waitwe, na hakuna mtu wa reli atakayelala akijua gari laja juu ya njia iliyokatika. Lakini kuitwa kwa hatari ni mbali, na kuitwa kwa sababu msimamizi amesahau kuandika hesabu ya spana ni mbali. Sheria ya Kazi ya 2007 yampa mfanya kazi siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Siku ambayo simu yalia mara tisa si mapumziko. Huko Ufaransa walitunga sheria ya jambo hili, ikaanza kutumika Januari 2017, na hapa kwetu mswada wa namna hiyo uliletwa katika Seneti mwaka 2022. Basi hatutaki jambo la ajabu.

Na usalama. Mtu aliye kati ya reli asitazame simu, hata kama ni msimamizi anayepiga. Injini ya dizeli ikija na upepo kinyume huisikii mapema, na katika mikato mirefu huioni. Wako vijana wanaotembea juu ya njia pale Karatina wamejitia nyaya za muziki masikioni. Hao tuwafukuze kwa upole, lakini tuwafukuze. Kwa genge letu wenyewe nataka kanuni: simu zikae na mlinzi wa genge mmoja, yule mwenye bendera na honi, na yeye peke yake ndiye apokee akiwa kando ya njia.

Neno jingine dogo. Mkutano uliopita ulitangazwa katika kundi la simu tu. Wazee watatu wenye kabambe hawakujua, na mmoja wao alikuwa na haki ya kupiga kura. Kabambe si kosa. Tangazo la chama libandikwe ubaoni pia, na lichapwe katika gazeti letu hili.

Ndugu Mwenyekiti, naomba mkutano uyafikirie mambo haya. La kwanza, tajiri aandike orodha ya watu wa dharura kwa kila wiki, ibandikwe, na aliye katika orodha alipwe kwa kungoja. Asiye katika orodha asiulizwe kwa nini hakupokea. La pili, kazi ikitaka picha na ujumbe, genge lipewe simu ya kazi, au kila mtu alipwe posho ya bando kila mwezi, ionekane katika hati ya mshahara. La tatu, tawi lianzishe mfuko mdogo wa kukopeshana, shilingi elfu moja mpaka elfu tano, kwa faida ya shilingi moja katika kila mia kwa mwezi, ili mtu mwenye mtoto mgonjwa tarehe 20 asikimbilie Fuliza. Mtu 1 akikopa elfu moja atarudisha 1,010. Watu arobaini wakitoa shilingi 200 kila mwezi, ni shilingi 8,000 mwezi wa kwanza, na miezi sita ni 48,000. Kama zatosha kuanza, na nani atazishika, Mweka Hazina yupo hapa na vitabu vyake, namwachia nafasi.