Dari la Bwalo Letu

(Hotuba ya mwanafunzi wa zamani, mkutano wa mwaka wa chama chetu)



Niliombwa nieleze kazi yangu ya ujenzi. Nitaieleza kwa kutumia bwalo hili tulimoketi.

Mwaka 1974 nilikuwa kidato cha pili, na imla tuliifanyia humu. Rafiki yangu mmoja, ambaye sitamtaja, alipangiwa meza ya nyuma karibu na mlango wa jikoni. Mwalimu aliposoma, sauti iligonga bati, ikarudi sakafuni, ikaenda ukutani, na kabla neno la kwanza halijaisha masikioni mwake la pili lilikwisha kulifunika. Aliandika alichosikia. Akaambiwa ni mzito wa kichwa, naye akaamini. Mimi nilikaa mbele kwa sababu ya ufupi wangu tu.

Jana jioni, bwalo likiwa tupu, nilipiga kofi moja humu. Vijana waliokuwa wakifagia walinicheka. Mlio ulidumu kama sekunde 4.

Aliyetufundisha kuhesabu jambo hili ni Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mwaka 1895 aliombwa arekebishe ukumbi wa mihadhara ambamo sauti ilikawia sekunde 5 na nusu. Usiku, watu wakiisha lala, alihamisha mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akaipanga, akapuliza bomba la kinanda na kupima muda. Ufyonzaji wa mito aliulinganisha na dirisha lililo wazi, kwani sauti iliyotoka dirishani hairudi. Vijana, kanuni yake iandikeni: ujazo wa chumba kwa mita, zidisha kwa 0.161, gawanya kwa mita za mraba za dirisha wazi. Bwalo hili ni mita 20 kwa 10, kimo 5. Yaani mita za ujazo 1,000. Sekunde 4 maana yake ni kwamba bwalo zima linafyonza kama dirisha la mita za mraba 40 tu.

Hatuna haja ya mito. Huko Austria walitengeneza vibao vya nyuzi ndefu za mbao zilizoshikanishwa kwa magnesaiti. Baadaye saruji nayo ikatumika. Marekani, katika miaka ya 1920, Celotex ilitengenezwa kwa makapi ya miwa ya Louisiana. Kazi yote hufanywa na vijitundu. Hewa inayotikiswa na sauti husuguana ndani yake, na nguvu ya sauti hugeuka joto dogo lisilohisika. Ndiyo maana ubao wa vumbi la mbao ulioshindiliwa kwa gundi hadi ukawa mgumu kama meza haufai hapa, ijapokuwa nao ni wa mabaki.

Makapi ya miwa yana sukari inayozuia saruji isigande, tena viwanda vya sukari huyachoma kuendeshea mitambo. Kwa hiyo mimi napendelea misindano, kama ile ya Sao Hill kule Mufindi. Hata mti huo una sukari kidogo. Nyuzi zake ni vema ziloweshwe kwanza. Saruji ikishika, mchwa hawaupendi ubao huo, na moto hauukamati upesi.

Sasa niungame. Miaka iliyopita niliweka dari la namna hii katika shule moja, nikaondoka nikijisifu. Niliporudi nilikuta limepakwa rangi ya mafuta, mikono mitatu, likang'aa vizuri sana. Vijitundu vyote viliziba na mwangwi ukarudi. Sikumlaumu mpaka rangi. Mimi ndiye sikumwambia mtu.

Ndugu Mwenyekiti, najua kamati imependekeza mchango wetu ununue vipaza sauti. Naomba nipinge. Kipaza sauti humu kitakuza maneno pamoja na mwangwi wake. Tukiweka dari la vibao hivyo, mita za mraba 200, unene wa sentimita 2 na nusu, tukiacha nafasi ya hewa juu yake, kila mita itafyonza karibu nusu ya sauti inayoifikia. Hapo tunaongeza 100 juu ya zile 40. Gawanyeni wenyewe: inabaki kama sekunde 1.2. Kazi ya kufunga nitaifanya bila malipo, vibao tununue.

Tena, lisipakwe rangi ya mafuta.

Kabla sijaketi, naomba wa meza za nyuma, pale mlango wa jikoni, wainue mikono kama wamelisikia hilo la rangi.

(Mikono 6 iliinuliwa.)